Mshono Unaolala Kushoto

Fundi aliutambua mkono wa mkewe kabla kitambaa hakijakunjuliwa hata nusu. Bwana Pole alikuwa bado anahangaika na gazeti alilokifungia, akilifungua taratibu juu ya meza ya kukatia kama mtu aliyeletewa zawadi, na moyo wa Fundi ulikuwa umeshafika miguuni. Vilikuwa vipande vya mashuka, mapazia na nguo za watoto, vimeungwa kimoja kwa kingine kwa sindano ya mkono na uzi mweusi mnene. Na kila mshono ulikuwa umelala kushoto.

Jambo hili huenda wewe usingeliona, na Bwana Pole hakuliona. Lakini fundi yeyote wa nguo anajua kwamba anayeshona kwa mkono wa kulia mishono yake huinamia kulia, na anayeshona kwa mkono wa kushoto yake huinamia kushoto. Katika mtaa ule mtu aliyeshona kwa kushoto alikuwa mmoja tu. Ndiye aliyelala na Fundi kitanda kimoja, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Mashoto.

"Mafundi mnajuana mikono kama walimu wanavyojua miandiko," alisema Bwana Pole, akivuta kiti cha wateja. "Hebu nisaidie. Huu ni mkono wa nani?"

Jina halisi la Bwana Pole hakuna aliyelijua. Alihamishiwa kituo cha polisi cha hapo si zamani, naye hakuvaa sare. Watu walimwita Bwana Pole kwa sababu ya desturi yake moja: kabla ya kumpiga mtu humwambia pole, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuhani msiba. Shida ni kwamba hata asiyetaka kumpiga alimwambia pole vilevile, kwa hiyo ukiisikia hujui ujifunike uso au ushukuru.

Fundi alikiinua kitambaa, akakisogeza mwangani, akakishusha. Alisema macho yake siku hizi yanamsumbua, kazi ya mkono ni ngumu kuijua, ingefaa aitazame vizuri kwenye mwanga wa asubuhi. Alijisikia akisema maneno mengi mno. Mtu asiye na la kuficha hajielezi hivyo.

"Hamna haraka," alisema Bwana Pole. "Kwanza nishonee kifungo hiki, kimelegea."

Fundi alimwomba avue koti. Bwana Pole akasema ashone hivyohivyo. Kifungo kilikuwa cha chini kabisa, juu ya tumbo, na mwenye koti hakuinuka kitini, basi Fundi, mzee mzima mwenye mvi, akapiga magoti sakafuni kwake mwenyewe na kuanza kushona pua ikikaribia kugusa mkanda wa yule bwana. Mkono mzito ukamshukia kichwani na kutulia hapo, kama mtu anavyomtuliza mbwa wa jirani.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikasikika kutoka nje: "Mashoto yupo? Nimeleta lile gauni."

Sindano ilimchoma Fundi kidole. Mwanamke akafika mlangoni, akaviona viatu vya mgeni, viatu vinavyong'aa kuliko kioo cha dukani, akageuka na gauni lake bila hata kuaga.

"Mashoto ndiye nani?" aliuliza Bwana Pole.

"Jina la utani tu, afande. Mtaa huu kila mtu ana lake."

"Hata mimi ninalo?"

Fundi alikata uzi kwa meno. Bwana Pole alicheka kidogo, akakitazama kidole kilichokuwa kikitoa damu, akasema, "Pole." Fundi alifumba macho. Hakikufuata kitu. Alipoyafumbua, mgeni alikuwa ameshakikunja kitambaa chake na anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Fundi Suti, ambalo siku hiyo lilikuwa limefungwa kwa sababu mwenyewe alikwenda kuzika. Alisema atapita tena kesho asubuhi, na huyo mwenzake wa ng'ambo naye atamwuliza. Wawili wanaona vizuri kuliko mmoja.

Kisa chote kilikuwa hiyo barabara. Uchaguzi uliopita, mtaa ulimwangusha mgombea wa wakubwa, tena ulimwangusha vibaya. Wakubwa hawakuuliza wamekosea wapi, walichukua rula. Ramani mpya ya majimbo ilipotoka, mstari ulipita katikati ya barabara. Nyumba za upande wa juu ziliunganishwa na jimbo la kambi za askari, na za upande wa chini, ambako Fundi alikuwa akiishi, zikapelekwa huko kwenye mashamba makubwa ya serikali, ambako watu hupiga kura msimamizi wao akiwa amesimama mgongoni. Huko kura za mtaa zingekuwa kijiko cha chumvi katika ziwa. Kukusanyika kulikuwa kumekatazwa. Ukionekana umesimama na wenzako pembeni, hata kama mnaongelea mvua, unachukuliwa.

Wanawake wa mtaa wakafikiri: kusimama mlangoni kwako mwenyewe si mkusanyiko. Kila nyumba ikatoa kipande cha kitambaa, ya juu na ya chini, na asubuhi moja watu wakaamka wakakuta kitambaa kirefu kimefungwa kutoka dirisha la huku hadi dirisha la kule, kimekatiza juu ya barabara, juu ya huo mstari. Hakikuandikwa hata neno. Askari walikikata kabla jua halijapanda, na kipande chake kimoja ndicho kilichokuwa kwenye gazeti la Bwana Pole.

*

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, ng'ambo ya kiuani. Fundi alimkuta mkewe akipiga pasi, na mama mzazi wa Fundi ameketi kwenye kigoda akichambua vitambaa vikuukuu. Bibi huyo alikuwa kiziwi wa kuchagua, alisikia alilolitaka.

"Amekuja nacho," alisema Fundi.

"Najua. Habari zilifika kabla hajakaa."

Alimwambia afunge nguo zake aende kwa dada yake, sasa hivi, kabla giza halijaingia. Mashoto aliendelea na pasi yake. Akimbie aende wapi, alisema, akikimbia si ameshakiri? Na wakija wakamkosa, watamchukua nani, kama si bibi huyu na magoti yake mabovu. Fundi alihisi hasira ikimpanda, hasira ile ya mtu mwenye hofu, ambayo haina adabu. Akaanza kumlaumu kwa kila kitu. Kwa nini hakushona kwa mashine?

"Mashine inasikika mtaa mzima."

"Basi ungetumia mkono wa kulia."

"Tangu unioe unanipigia kelele nitumie kulia, nimeshindwa. Ndiyo ningeweza juzi, gizani?"

"Mnagombana kama wezi waliosahau kugawana," alisema bibi bila kuinua macho. "Watu wanapita huko nje."

Wakashusha sauti. Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kusema lile alilolisema tangu siku ya harusi, kila walipodaiwa, walipodhulumiwa, mwenye nyumba alipowatukana: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Yeye kazi yake ni kushona nguo za watu. Majimbo ni ya wenye majimbo yao.

Mashoto aliisimamisha pasi wima. "Kicheko gani, mume wangu? Kiko wapi hicho kicheko? Umekuwa mwoga kwa bidii, hakuna anayekushinda mtaa huu, na leo umepiga magoti kumshonea mtu kifungo. Ulicheka lini mara ya mwisho humu ndani?"

Lililomuuma Fundi zaidi ni kwamba hakuwa amemwambia habari ya magoti. Aliyeona alikuwa ameshaeneza.

Baadaye kidogo mkewe alikuja akaketi karibu naye, akasema kwa sauti ya chini ile anayoitumia mtu akigombana na kupenda kwa wakati mmoja. Alisema Fundi Suti amerudi kutoka msibani, na Fundi Suti, wote wanamjua, ana picha ya Mkubwa ukutani iliyo kubwa kuliko kioo wanachojitazamia wateja. Kofia za chama anashona yeye. Akitiwa kitambaa kile mkononi, neno lake la kwanza litakuwa mkono wa kushoto. "Basi usimsubiri aseme yeye. Akikuuliza kesho, mwambie ni mimi. Wewe hujui kudanganya, utajiponza bure na mimi nitachukuliwa palepale."

Aibu iliyoje. Kipande cha moyo wa Fundi kiliruka kwa furaha kusikia hivyo. Amepewa ruhusa. Angeweza kusema, na asingepigwa, na lawama isingekuwa yake. Furaha hiyo haikukaa hata kitambo cha kupumua, lakini aliiona, akaijua sura yake, na akajichukia jinsi ambavyo hakuwahi kumchukia Bwana Pole.

*

Alfajiri alikuwa dukani, mlango nusu wazi, na kitambaa kikuukuu magotini. Sindano aliishika kwa mkono wa kushoto. Mikono ni wivu mtupu. Wa kulia uliendelea kuifuata sindano kama mama asiyetaka mtoto wake abebwe na mgeni. Uzi ulifumuka, ukafungana, akajichoma mara asizozihesabu. Lakini alikuwa amemtazama mkewe akishona maisha yao yote, akimkosoa kila siku, na kumbe anayekukosoa kila siku ndiye anayekujua. Alijua kiwiko kinakaa wapi. Alijua anashusha bega kidogo kabla hajavuta uzi. Jua lilipoanza kugusa kizingiti, mishono ilikuwa imelala kushoto, si mizuri, lakini imelala.

Bwana Pole hakuja peke yake. Alikuja na askari wa sare, na katikati yao Fundi Suti, amevaa vizuri kama kawaida, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Kitambaa kikatandikwa mezani. Fundi Suti alikitupia jicho moja tu, na Fundi akaona macho yale yakisimama, yakielewa.

Hakumngoja. "Ni mkono wangu, afande," alisema.

Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Bwana Pole akamwuliza mbona jana hakuutambua. Fundi akajibu kwamba jana aliogopa, na hapo hakuhitaji kudanganya. Akaeleza kwamba alishona kwa mkono wa kushoto ili asijulikane, maana wa kulia mtaa mzima unaujua, na mafundi wangemtambua.

"Kushoto," alisema Bwana Pole polepole. "Jana mtu alimwita Mashoto hapa. Mashoto nani?"

Kwenye mlango wa uani palikuwa pameshasimama Mashoto mwenyewe, amesikia, mdomo umefunguka. Bibi alikuwa nyuma yake, ameushika mkono wa kushoto wa mkwewe kwa mikono yake miwili, kwa nguvu ambayo usingeitegemea kwa mtu wa umri ule. Fundi alimwangalia mkewe. Hakuwa anamwomba. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa anamwamuru.

"Mashoto ndiye huyu," alisema Fundi Suti.

Wote wakamgeukia. Alikuwa anakunjakunja futi yake kwenye vidole, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Fundi Mashoto, ndivyo tunavyomwita. Siku zote anajitia kuweza mikono yote miwili. Wateja wake wakishaharibiwa nguo huja kwangu niwarekebishie. Mshono huu nimeufumua mpaka nimeuchoka."

Bwana Pole akatoa sindano kwenye mto wa sindano wa Fundi mwenyewe, akamwekea mkono wa kushoto. Mkono ukatetemeka vibaya, kila mtu akauona ukitetemeka, lakini sindano iliingia kitambaani, ikatoka, ikaingia. Bwana Pole aliinama akalinganisha. Kisha akaikunja ile kazi vizuri na kuitia mfukoni.

"Pole, Fundi," alisema.

Safari hii ilikuwa ile pole yenyewe.

*

Yaliyotendeka kituoni hatutayaeleza sana, maana Fundi naye hakuyaeleza. Walitaka majina ya waliotoa vitambaa. Fundi alijua majina, kitambaa cha mtu anakijua aliyekishona. Lile shuka la maua lilikuwa la mwalimu, lile pazia la mwenye duka la dawa. Alilia, aliomba maji, aliomba msamaha, alisema atafanya chochote. Majina hayakutoka. Hata yeye hakuelewa kwa nini hayakutoka, kwa sababu hofu haikuwa imepungua hata chembe. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba shujaa ni mtu asiyeogopa, na humo ndani, shavu likiwa limevimba hadi jicho limezibwa, aliona kwamba hiyo habari alidanganywa.

Siku tume ya mipaka ya majimbo ilipokuja kupokea maoni ya wananchi, walimtoa kituoni asubuhi mapema. Hawakumwambia anapelekwa wapi. Alipakiwa garini kati ya askari wawili, akawaza mto, akawaza msitu, akawaza kwamba hakumuaga mama yake. Gari likakata kona akaiona barabara yao.

Kitambaa kilikuwa kimerudi. Na hakikuwa kile cha mwanzo, kidogo cha kukatiza mara moja. Hiki kilitoka mlango wa chini hadi mlango wa juu, kikarudi chini, kikaenda tena juu, nyumba kwa nyumba, hadi jicho lake moja liliposhindwa kufuata. Watu walikuwa wamesimama vizingitini mwao, kila mmoja ameshika sehemu yake, kimya. Hakuna aliyetoka nje ya mlango wake hata hatua. Magari ya tume yalikuwa yamesimama mwanzo wa barabara, yamezimwa, na wazee waliovaa tai walikuwa wanachungulia kupitia vioo. Ng'ambo, chini ya picha ya Mkubwa, alisimama Fundi Suti, kipande chake mkononi, uso umemkauka kwa woga kama wa mtu aliyeamshwa na moto.

Bwana Pole alimshusha Fundi, akampeleka kwenye kitambaa akiwa amemshika ukosi. Sauti yake haikuwa na upole tena. "Wewe ulikuwa ndani kwangu. Hiki kimeshonwa na nani?"

Fundi alisogeza jicho lake zima.

Mishono yote ilikuwa imelala kushoto. Ya mwalimu, ya mwenye duka la dawa, ya vijana, ya wanaume ambao hawajawahi kutia hata kifungo. Ilikuwa imekwenda upogo, mirefu na mifupi, uzi umefungana mafundo, mahali pengine damu ya kidole imeacha doa. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizopata kuziona tangu azaliwe. Mahali pamoja tu, karibu na mlango wa duka la ng'ambo, mishono ya kushoto ilikuwa imenyooka kama ya mashine, na fundi wa kuweza hivyo alikuwa mmoja tu. Fundi aliipita bila kuiangalia mara ya pili.

"Nakuuliza, mkono wa nani?"

"Sio wa fundi, afande," alisema, na machozi yakamtoka kwa jicho moja, lile lililoweza. "Fundi hawezi kuharibu kazi hivi. Huu ni mkono wa mtaa."

Bwana Pole alimwangalia, akawaangalia watu milangoni, juu na chini, na kwa mara ya kwanza alionekana hajui ampige nani kwanza. Wale wa tume walikuwa bado wanachungulia. Akamsogelea Fundi sikioni na kumwambia kwamba hawa wazee wataondoka, na wageni wakiondoka mtaa utabaki, na yeye atabaki. "Pole sana," alisema, akamwachia ukosi.

Fundi alijua ni kweli. Wageni wataondoka, na ramani huenda isibadilike hata kwa upana wa uzi.

Upepo ulipita barabarani, kitambaa kikavimba, na ule ushonaji mbovu ukaanza kuachia. Kipande cha shuka kikafumuka katikati, mbele ya mlango wa Fundi mwenyewe, kikaning'inia. Hakuna aliyesogea. Mashoto alikuwa kizingitini na bibi ubavuni. Sindano yenye uzi mweusi ilikuwa imechomekwa kifuani kwenye gauni lake. Akaichomoa akanyoosha mkono bila kuvuka kizingiti, na Fundi akaenda akaipokea.

Bwana Pole alikuwa amesimama palepale, anatazama. Fundi aliviunganisha vile vipande viwili, akaihamishia sindano mkono wa kushoto. Mkono ulitetemeka, lakini sindano iliingia.